Injini Niliyoisifu Bila Kuifungua

Sumbawanga, usiku wa kuamkia safari yako

Mwanangu Staza,

Salamu sina za kukutumia, maana tumo nyumba moja, na hivi sasa nakusikia ukifunga na kufungua begi lile lile kama mtu anayetafuta alichokisahau. Umesahau sweta. Lakini hayo ni ya mama yako, atakuambia yeye, na atakuambia mpaka basi liondoke. Mimi sitakueleza ule nini wala ulale saa ngapi. Mbeya si mwezini, na wewe si kifaranga.

Nakuandikia kwa sababu leo mchana nilikwenda stendi kukukatia tiketi, nikamkuta Apolinari, yule utingo wa basi la Mbeya mwenye sauti ya kuamsha parokia nzima. Alikuwa juu ya keria anafunga magunia. Kuniona tu, akanipigia kelele:

"Baba Staza! Hongera bwana! Nasikia binti anakwenda kwa mdogo wako kushika spana!"

Nikamwambia, "Anakwenda kusoma uhazili."

"Uhazili gani tena, mzee wangu? Kosmas ameshamshonea ovaroli. Nimeliona kwa macho yangu. Kaniambia, ukimshusha stendi umlete mwenyewe mpaka gereji."

Nikacheka. Ndiyo, nilicheka, nikamwambia nilikuwa nampima tu kama anajua. Kisha nikarudi nyumbani kwa kuzunguka, ili uso wangu upate muda wa kujipanga. Nilipofika ukaipokea tiketi kwa mikono miwili, ukapiga goti, ukasema, "Asante baba. Nikifika tu chuoni nitakuandikia." Mama yako alikuwa anachambua maharage. Akauinamia ungo zaidi, mpaka nikadhani atatumbukia. Hapo nikajua kwamba na yeye anajua. Nadhani katika nyumba hii hata kuku walikuwa wanajua.

Usifikiri kilichoniuma ni spana. Spana nakuona nayo tangu siku ile ulipoifumua baiskeli ya katekista, ukairudishia yote, ukabaki na nati mbili mkononi na kumwambia kwamba hizo zilikuwa za ziada. Mzee wa watu anaiendesha hivyo hivyo mpaka leo. Kilichoniuma ni kuwa wa mwisho kujua. Na mtu wa kwanza kunifanya wa mwisho ni huyo huyo unayekwenda kwake. Sijawahi kukueleza kwa nini mimi na baba yako mdogo hatutembeleani. Mlipouliza nilisema biashara zimemweka mbali. Basi isikie kabla hujalivaa ovaroli lake.

Ulikuwa mdogo bado, unaanza shule. Ruksa ya biashara huria ilikuwa imeshapanda hata huku kwetu. Zamani ukitaka tairi ilibidi umjue mtu anayemjua mtu wa stoo. Ghafla soko likajaa: mitumba, redio, betri, vipuri vilivyovuka mpaka kutoka Zambia vikiwa bado na vumbi la huko. Serikali nayo ikawa inauza vyombo vyake vichakavu, nami nikanunua pikipiki iliyokuwa ya bwana mifugo. Ya Kijapani, cc mia na ishirini na tano, nyekundu upande mmoja. Upande wa pili rangi ilibaki kwenye mawe ya barabara ya Mwimbi, bwana mifugo alikokuwa akiangukia.

Nikamwachia mama yako jembe, jambo ambalo naomba usimkumbushe, nikawa mfanyabiashara. Maharage nayatoa Kate na Mwimbi, mchele naufuata bondeni Mtowisa. Nilinunua na koti la ngozi. Nilijiona mimi peke yangu ni kampuni.

Ila kampuni ilikuwa na adui mmoja, nao ni ule mlima wa kutoka bondeni. Kuteremka Mtowisa kila mtu ni hodari. Kurudi juu na gunia la mchele nyuma, kona baada ya kona, ile mashine ilikuwa inahema mpaka naionea huruma. Nikaona jambo hili ni la nyumbani. Kosmas, mdogo wangu wa mwisho, alikuwa na kibanda cha ufundi nyuma ya soko, na mikono yake ilikuwa inasifiwa mji mzima. Nikamwendea.

"Mdogo wangu, hii kitu iongezee nguvu."

Alikuwa amekaa juu ya tairi, anakunywa chai. Akaniuliza, "Kaka, nguvu ya injini inatoka wapi?"

"Kwenye petroli."

"Petroli ni kuni tu. Mimi nakuuliza jiko." Akamwaga chai iliyobaki, akaninyooshea kikombe cha bati. "Bloku ni kama hiki. Pistoni inasafiri humu ndani, juu chini, juu chini. Ile nafasi inayoipita kwa safari moja ndiyo cc. Ukitaka iongezeke una njia mbili. Urefushe safari, au upanue kikombe. Kurefusha safari kunataka krenki nyingine, hiyo hapa hatuna. Kupanua tunaweza. Naipeleka kwenye mashine ya misheni, inachongwa ndani, naweka pistoni nene zaidi."

"Basi chonga sana!"

"Sana mpaka wapi, kaka? Kikombe kina ukuta. Ukichonga kidogo unapata nguvu kidogo, na injini inadumu. Ukichonga kwa tamaa, ukuta unakuwa kama ganda la yai. Siku moja uko mlimani, joto limepanda, unasikia tu, paa! Umepasuka. Halafu unarudije kwa mwenye mali?" Alisema hilo la kupasuka kwa uchungu sana, nikamwona fundi anayejali. "Na tena huku juu hewa yetu ni nyepesi. Injini inapumua kama bibi harusi aliyebanwa na gauni. Ukiipa tumbo kubwa bila kupanga petroli na hewa vilingane nalo, umeweka mdomo mpana kwenye sahani tupu."

Mwanangu, sijawahi kufundishwa jambo likaniingia namna ile. Na mpaka leo, kila fundi niliyemuuliza ananiambia vile vile. Yote aliyonieleza Kosmas siku ile yalikuwa kweli. Mdomoni mwake hamkuwa na uongo hata tone. Uongo ulikuwa mikononi.

Mwisho wa juma nikaifuata. Kaiosha, kaipaka mafuta, inang'aa kama inakwenda kuoa. Akaipiga teke moja, ikanguruma mpaka mama muuza vitumbua wa jirani akaziba masikio. Nikaipanda. Nilipoachia klachi iliruka mbele nikabaki nimeshika usukani kama mtu anayening'inia mtini. Nikaizungusha uwanja wa ndege, tambarare tupu, sina mzigo hata wa kilo ya sukari. Nikarudi nikamkumbatia Kosmas mbele ya watu.

Sasa hapa nikwambie desturi ambayo huenda unaijua. Ukibadilishiwa kipuri na fundi, unadai chuma chako cha zamani. Hata kikiwa kimekufa unakichukua, unakwenda kukitupa mwenyewe nyumbani. Watu wote wa huku wanafanya hivyo, na fundi hachukii. Mimi kwa fundi mgeni ningedai pistoni yangu ya zamani na ringi zake. Kwa mdogo wangu niliona aibu. Niliona ni kumwambia, wewe mtoto wa mama yangu, sikuamini. Nikaondoka mikono mitupu nikipiga mluzi.

Kilichofuata ni ujinga wangu mtupu. Nilijisifu. Wewe unanijua nikianza. Ulipokuja ubatizo wa mtoto wa shangazi yako, nikaketi kwenye pombe ya ulezi na wazee, nikawaeleza habari za kikombe na ukuta na bibi harusi kana kwamba nimezizaa mimi. Kosmas alikuwa pembeni yangu. Akawa ananichochea:

"Kaka, waambie ulivyoipita Landrova ya kule halmashauri!"

"Niliipita kama imesimama!"

"Ilikuwa imesimama," akasema shangazi yako, watu wakaangua kicheko.

Kosmas alicheka kuliko wote. Alicheka mpaka akawa anajifuta machozi kwa kiganja. Yale machozi nimeyafikiria miaka mingi, Staza. Bado sijui yalikuwa ya nini.

Siku si nyingi ikaja habari kwamba bibi yako, ambaye alikuwa ameteremka Mtowisa kumsalimia dada yake, ameshikwa na homa. Nikateremka asubuhi. Nikamkuta anatetemeka chini ya mablanketi katika joto lile la bonde, lakini mdomo mzima. "Umekuja na kelele zako," akaniambia. Nikamfunga nyuma yangu kwa kanga mbili ili asiniponyoke, tukaanza kupanda kuelekea hospitali.

Kona ya kwanza tulipita. Ya pili pikipiki ikaanza kunguruma zaidi na kwenda kidogo zaidi. Nikashuka gia, nikaongeza moto, ikatoa moshi wa buluu na harufu ya chuma kilichoungua, ikazima. Nikaipumzisha, nikaiwasha, tukaenda hatua za kuku, ikazima tena. Bwana mmoja wa Kisukuma aliyekuwa akipandisha ng'ombe zake akasimama akatutazama kwa heshima zote.

"Shikamoo mama. Baba, pole. Hii ni ya petroli?"

"Ni ya petroli."

"Aa. Hawa wangu ni wa majani," akasema, akaswaga ng'ombe zake, wakatupita.

Bibi yako akasema nimfungue kanga, atatembea. Mgonjwa, Staza, mwenye homa. Alitembea mbele akishika kijiti, mimi nyuma nasukuma chuma, na kila kona alikaa juu ya jiwe akaningoja. Nikaanza kulalamika. Nikasema hii bloku itakuwa imepata hitilafu, nitampelekea Kosmas aiangalie, yeye anaijua, yeye aliichonga vizuri mno. Nilimsifia mdogo wangu njiani pale huku nimelowa jasho.

Bibi yako akaketi juu ya jiwe la kona iliyofuata. Halafu akasema, "Usimlaumu mdogo wako."

"Nani anamlaumu, mama? Namsifu."

"Aliniambia atakirudisha."

"Atarudisha nini?"

Akaangalia bonde. "Kile cha chuma. Cha kwako. Alisema anakitafuta kingine Zambia, atakirudisha kabla hujajua."

Nilisimama nikaishikilia ile pikipiki isirudi nyuma, na kitu pekee nilichowaza ni kwamba mama yangu alikuwa pale kwenye ubatizo. Alikuwa ameketi mkekani mkabala nami, akinisikiliza nikieleza habari za kikombe.

Tulifika juu jioni kwa lori la mahindi lililotuonea huruma. Bibi yako akapata dawa, akapona, akaishi miaka mingine mizuri, hilo nashukuru. Kesho yake nikaisukuma ile mashine hadi kibandani, nikamwambia Kosmas neno moja tu: "Fungua."

Akafungua. Hakubishana. Alipoitoa pistoni akaiweka kwenye kiganja changu, na hata mimi niliona ni ndogo. Akanieleza kwa sauti ile ile ya ualimu, macho chini. Bloku ilikuwa ya pikipiki ya cc mia moja, tena iliyochoka, ila misumari yake inaingia sawasawa kwenye injini yangu. Ngurumo ilitokana na ekzosti, alikuwa ameitoa matumbo ya ndani yanayopunguza sauti. Ile kuruka mbele ilitokana na spoketi ya nyuma, ile inayozungushwa na mnyororo, aliweka kubwa yenye meno mengi, ambayo hukurusha ukianza kuondoka lakini haiongezi hata chembe ya nguvu ndani ya injini. Kwenye tambarare, mtu mmoja asiye na mzigo, mwenye furaha, hawezi kugundua.

"Bloku yangu iko wapi?"

Ilikuwa Kasanga, kwenye pikipiki ya tajiri mmoja wa samaki. Kosmas alikuwa amemchongea huyo tajiri bloku yake kwa tamaa, kwa sababu tajiri alitaka cc kubwa kuliko za wenzake, na ukuta ukapasuka mlimani. Paa! Tajiri akaapa kumfungisha jela. Siku ile mimi nilipoingia kibandani na koti langu la ngozi, yeye alikuwa na siku tatu hajalala. Kile alichonieleza juu ya ukuta na ganda la yai kilikuwa ndicho kilichompata. Akaichukua bloku yangu akaichonga kwa kiasi, kwa adabu, akamfungia tajiri. Ikadumu. Nguvu niliyoiomba mimi ilipatikana kweli, ila ilikuwa inapandisha samaki wa mtu mwingine.

Nikamuuliza, "Kwa nini hukuniambia? Ungeniomba ningekupa."

"Nilitaka kukuambia siku ile ile ulipokuja kuichukua," akasema. "Lakini ulikuwa umefurahi. Kaka, wewe ukifurahi mtu anaona aibu kukuzima."

"Na kwenye ubatizo?"

"Ulikuwa umefurahi zaidi."

Nimeirudia kauli yangu kwa watu miaka yote hii: angeniomba ningempa. Usiku huu nikiwa na kalamu mkononi sina hakika. Nilikuwa nimeshakuwa kampuni. Huenda ningemwambia akajitegemee. Lakini alininyima hata nafasi ya kuwa mchoyo, na hilo nalo linauma.

Yeye akahamia Mbeya. Baada ya mwaka hivi, akanitumia bloku mpya kabisa, ndani ya gunia, kwa mkono wa Apolinari huyu huyu. Nikamwambia airudishe. Apolinari akanisihi, akasema mzee wangu, hii kitu ina uzito, nimeibeba kwa mapenzi. Nikakataa. Niliona ninalinda heshima. Nilichokuwa nalinda ni uchungu wangu, nisije nikaishiwa nao. Kosmas hakutuma tena kitu, na pikipiki nikaja kuiuza kwa mtu wa Kate kama chuma chakavu, nikarudi kwa mama yako na jembe lake. Alinipokea kwa maneno ambayo hayaandikiki.

Kwa hiyo ufundi wake nauamini. Hakuna atakayekufundisha injini vizuri kuliko yeye. Atakuja kijana na pikipiki yake, atasema niongezee, chonga sana, na wewe utajua ukuta unaishia wapi. Sina wasiwasi na hilo. Siku ninayoiogopa ni ile utakapokosea. Utachonga ukapitiliza, mteja atakuja kuichukua akiwa ameshaanza kutabasamu toka getini, na wewe utaona kwamba ni huruma kumwacha atabasamu. Mdogo wangu hakuwa mtu mbaya. Mama yangu hakuwa mtu mbaya. Walinionea huruma, wote wawili, na mimi nikawa mpumbavu wa mji.

Na sasa wewe na mama yako. Najua mlisemaje. Mlisema, baba atapandisha hasira, tumwache na uhazili wake, ameufurahia. Kweli niliufurahia. Nimeshawaambia watu kanisani. Nimemwambia mpaka padre kwamba utapiga mashine ya chapa bila kuangalia vidole. Ulikuwa umesimama hapo hapo, Staza, umevaa gauni la njano, ukatabasamu.

Nikwambie nilichokuwa nimekipanga. Nilipanga kesho stendi nikuulize mbele ya watu, kwa upole, "Mwanangu, hicho chuo kiko mtaa gani?" Nikuache ueleze. Nikubali kwa kichwa, nikubebee begi, nikutakie masomo mema, halafu basi likianza kutembea nikupenyezee barua hii dirishani, uisome mahali ambapo huwezi kushuka. Niliupenda sana mpango huo. Nimeupenda tangu mchana, na nusu ya ukurasa wa kwanza niliuandika nikiwa nao moyoni.

Lakini nimefika hapa nikaona ni kitu gani ninachotaka kufanya. Nataka nikae pembeni yako nikichekelea, wakati najua na wewe hujui kwamba najua. Hicho nilishafanyiwa, na simtakii hata tajiri wa samaki.

Basi barua naipitisha chini ya mlango wako sasa hivi. Ukiimaliza usingoje kuche. Njoo uniambie mwenyewe kwa kinywa chako unakwenda kwa nani na unakwenda kufanya nini, kana kwamba sijui. Inawezekana nikapandisha. Nadhani nina haki ya kupandisha kidogo. Tiketi ni yako hata nikipandisha, na Mbeya ni yako, na ovaroli ni lako.

Gonga tu. Mimi niko macho, na mama yako anajifanya amelala.

Baba yako